Maswali Manne ya Mama Rosmaniar

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili lilikuwa la binti yangu Ketsia, la hisabati. Alitumia kurasa sita, kisha akasema karatasi yake inakwaruza, akataka jingine. Nimezichana zile sita. Zilizobaki ni zangu.

Shule niliacha darasa la sita kule kwetu Lubero, siku vita vilipofika shuleni kabla ya mwalimu. Kusoma kwingine kote nimejifunzia kwenye chupa za dawa, barua za serikali na Biblia, kwa hiyo ninaandika kama mtu anayeonya, anayedai na anayehubiri. Mwenye kusoma avumilie.

Leo nimeanza kwa mteja mpya, Guildford, kitongoji cha hapa Australia, nyumba ya vigae vyekundu karibu na reli. Bibi wa miaka themanini na moja. Jina lake Rosmaniar, mtu wa Sumatra, wa kijiji cha milimani. Kazi yangu ni kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Wanjugu, yule Mkenya anayetupangia zamu ofisini, aliniambia kwenye simu: "Huyo mama ni mpole, Katungu. Ni kusahau tu. Chenye utamwambia leo, kesho ni kipya." Nikamjibu kwamba hata mume wangu yuko hivyo, na hakuna anayenilipa.

Nimemwita Mama Ros, akaitika mara moja. Kiingereza kimeanza kumtoka kama rangi ya kitenge cha bei rahisi, lakini kilichobaki kinatutosha. Kabla ya kukubali chai alinishika mkono akaniuliza, taratibu, kama afisa wa uhamiaji:

"Paa linavuja?"

"Hapana, Mama."

"Kuna binti mkubwa humu ndani ambaye hajaolewa?"

Nikafikiri kidogo, kwa heshima ya swali. "Hapana."

"Kuna maiti katikati ya nyumba?"

"Hapana, Mama! Mungu atuepushe."

"Gogo lililozama mtoni, kuna anayetaka kuliinua?"

Mto ulio karibu hapa ni ule wa nyuma ya uwanja wa mpira, na kilichozama humo ni matoroli ya dukani. "Hapana," nikasema. Akashusha pumzi, akanywa chai yote.

Jumanne, 3 Juni

Maswali yale yale. Hapana nne. Chai.

Alhamisi, 5 Juni

Sebuleni kuna picha moja tu. Nyumba ndefu ya mbao, imesimama juu ya nguzo, paa lake limejipinda kwenda juu pande zote mbili kama pembe za nyati. Chini yake mashamba ya mpunga yanashuka ngazi kwa ngazi, na nyuma kuna kilima chenye miti ya mdalasini.

"Ya mama yangu," alisema Mama Ros. "Kabla yake, ya mama yake. Sasa yangu."

"Na baadaye?"

Akatazama dari. "Ya Yusna. Husikii? Anatembea. Anatafuta chumba chake."

Nikasikiliza. Kweli kulikuwa na hatua juu ya dari: tatu, kimya, halafu mbili. Posamu, nikajiambia, wale wanyama wa hapa walio nusu paka, nusu panya, na serikali inawapenda kuliko wapangaji. Lakini posamu hulala mchana. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimesoma kwenye faili. Yusna alikuwa binti yake, alifariki kwao akiwa na miaka kumi na mmoja. Hiyo ni miaka arobaini na sita iliyopita. Aliyebaki ni mwana mmoja, Fahmi.

Hapana nne.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwona Fahmi. Mtu wa miaka hamsini na kitu, anatengeneza mafriji huko Seven Hills, sare yake ina jina lake kifuani. Ameleta samaki wa pilipili ndani ya bakuli, akamlisha mama yake vizuri, lazima niseme hivyo. Lakini yeye mwenyewe alikula amesimama, mlangoni mwa jiko, kama mtu anayengoja basi. Viti viko vinne.

Baada ya kula alitoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka karibu na mkono wa mama yake. Wakasemezana kwa lugha yao. Mama Ros alihesabu kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu, vinne, kila kidole akitikisa kichwa. Fahmi akairudisha karatasi ndani ya bahasha na kuibana chini ya kopo la sukari.

"Ni ya nini hiyo?" nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayefuta meza.

"Ile nyumba kwenye picha. Na kilima, na mpunga. Mtu wa mjini anataka kujenga vyumba vya watalii. Ziwa linaonekana vizuri kutoka pale. Bila sahihi yake haiwezekani."

"Na yeye hataki."

"Anasema hakuna sababu."

Nimemwandika hapa kwenye orodha yangu ya watoto wanaongoja wazazi wafe. Orodha ni ndefu. Kazi hii inakuonyesha mengi.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua.

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Hapana nne. Nimemwambia Bahizire habari za maswali yale, akacheka hadi akakohoa. Mume wangu anafanya kazi kwenye depo ya Ingleburn, anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na kwa maoni yake kila tatizo la dunia ni mzigo uliowekwa vibaya. "Mama Ketsia, siku moja mwambie ndiyo, uone itakuwaje."

Ijumaa, 27 Juni

Mvua siku ya nne. Treni ya asubuhi ilichelewa, nikafika nimelowa hadi soksi. Nilipofungua mlango nikasikia tone. Sebuleni, kati ya kiti na picha ya ile nyumba, maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini juu ya zulia. Nikaleta beseni la bluu kutoka chumba cha kufulia. Ti. Ti. Ti.

Nilikuwa napiga magoti nakausha zulia Mama Ros alipoanza.

"Paa linavuja?"

Nilikuwa nimechoka na mgongo unauma. Nikasema: "Ndiyo, Mama. Linavuja. Si unaona?"

Hakuuliza swali la pili. Akakaza macho kwenye beseni. Chai ikapoa. Kisha akaomba simu, akabonyeza namba ya Fahmi kutoka kichwani mwake, yeye ambaye hakumbuki kama amekula, akasema maneno machache tu.

Baadaye nikamwona analia. Si kwa sauti. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shela yake, kama mtu anayesafisha miwani.

Jumamosi, 28 Juni

Leo si zamu yangu, lakini niliacha chombo changu cha chakula kule Guildford, au nilijiambia hivyo. Fahmi alikuwepo, amesimama mlangoni mwa jiko.

"Dada Katungu, unajua ulichofanya?"

"Nimefanya nini?"

"Umesema paa linavuja." Alikuwa anacheka. "Miaka mitatu mimi namwomba. Wewe umetumia neno moja."

Akanieleza. Kwao ardhi ya ukoo ni ya wanawake, inatoka kwa mama kwenda kwa binti. Haiuzwi. Kuiweka rehani inaruhusiwa, lakini kwa sababu nne tu, ambazo kila mtoto anazijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Nyumba kubwa ikivuja. Binti mtu mzima akikosa kuolewa. Maiti akilala katikati ya nyumba na hakuna cha kumzikia. Na cheo cha ukoo kikiwa kimezama kama gogo mtoni, na ukoo unataka kukiinua.

"Kila asubuhi anakagua," alisema Fahmi. "Akikuta hakuna sababu, analala salama. Mimi nikija na karatasi, jibu lake liko tayari. Sasa jana amenipigia. Amesema: sababu ya kwanza imetimia, njoo Jumapili ijayo, nitatia sahihi."

"Lakini linalovuja ni paa la hapa! Vigae vya Guildford!"

"Kwake yeye kuna paa moja tu."

"Na ni rehani, umesema. Mtaikomboa."

"Nani atakayeikomboa, Dada? Mimi?" Akanywa chai yake.

Rehani isiyo na wa kuikomboa ni kuuza kwa adabu. Nilichukua chombo changu nikaondoka.

Nimefikiri njia nzima. Wiki nne nimekuwa mlinzi wa kilima ambacho sijawahi kukiona, nikikilinda kwa neno "hapana", bila kujua. Na siku moja niliyosema ukweli ndiyo siku nimekiachia.

Jumatatu, 30 Juni

Haulizi tena. Anaketi, anatazama beseni. Ti. Ti.

Nimempigia Wanjugu, nikamweleza kwa mafumbo. Hakupenda mafumbo.

"Katungu, sikiza. Mambo ya mali ya client hatuingilii. Usishike kalamu, usiwe shahidi, usitoe maoni. Ukiingilia wataniita mimi kwanza, halafu wewe utapoteza kazi."

"Na paa? Naweza kuripoti paa?"

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya Fahmi."

"Basi mripotie Fahmi."

Nimemripotia Fahmi. Amesema atalitazama, baada ya Jumapili.

Jumatano, 2 Julai

Bahizire ameahidi kupanda Jumamosi kubadilisha kigae. Nimemwambia ni mzigo uliowekwa vibaya. Akaelewa.

Jumamosi, 5 Julai

Depo imempa Bahizire zamu ya ziada. Hakuja. Mvua inanyesha kama inalipwa kwa saa.

Jumapili, 6 Julai

Naandika yote, hata yale ambayo baba yangu, shemasi, angenifunga midomo nisiyaandike.

Fahmi aliniomba niwepo, kwa sababu mama yake hakubali kuinuka kitini bila mimi. Nilikosa ibada. Nikafika saa moja kabla yake. Mama Ros alikuwa amelala kitini, mdomo wazi. Beseni lilikuwa limejaa nusu.

Nikachukua ngazi chumba cha kufulia. Kuna mlango mdogo wa dari pale. Nimezaa mtoto mmoja na nimevuka mipaka mitatu kwa miguu, lakini kuingia kwenye ile dari kuliniogopesha kuliko yote. Giza, vumbi, harufu ya mkojo wa posamu. Nikatambaa juu ya boriti nikivuta lile beseni la bluu, nimeshalimwaga, na taulo langu, lile la njano nililopewa na kina mama wa kanisa. Nikaona kigae kilichopasuka na mwanga mwembamba. Nikaweka beseni chini yake, na taulo ndani ya beseni ili tone lisipige kelele. Nikanyamaza kusikiliza. Hakuna kitu.

Nilipogeuka kurudi, hatua zikapita nyuma yangu. Tatu, kimya, mbili. Sikugeuza kichwa. Nilishuka ngazi nikisema Zaburi ambayo nusu yake nimeisahau.

Nikakausha zulia, nikasogeza kiti juu ya palipolowa. Fahmi akaingia. Alikuwa amevaa shati la Idi. Akaweka karatasi, akaweka kalamu. Mama Ros akaamka, akaiona, akanyoosha mgongo kama mtu anayeitwa mahakamani. Kisha akanigeukia mimi, siyo mwanawe.

"Paa linavuja?"

Fahmi akanitazama. Nikatazama dari. Doa la maji lilikuwepo, la kahawia, mviringo, lakini hakuna kilichodondoka.

"Hapana, Mama," nikasema. "Halivuji."

"Kuna binti mkubwa ambaye hajaolewa?"

"Hapana."

"Kuna maiti katikati ya nyumba?"

"Hapana."

"Gogo?"

"Hapana, Mama."

Akaisukuma kalamu kwa kidole kimoja, polepole, hadi ukingo wa meza. Ikaanguka. "Fahmi," akasema, kwa Kiingereza, ili nami nisikie, "hakuna sababu."

Fahmi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoka uani akaketi kwenye ngazi ya nyuma, chini ya kibaraza, mvua ikimrukia viatu. Nikampelekea chai, maana mwongo lazima awe na kitu mkononi.

"Unaniona mimi mwizi," alisema.

"Sijasema."

"Unajua nililala wapi nilipokuwa mtoto? Kwenye nyumba ya sala, na wavulana wote wa kijiji. Kwetu ndiyo desturi. Ukifika miaka saba unakunja mkeka wako, unatoka kwa mama. Vyumba ni vya binti. Ukiomba kulala nyumbani, wenzako wanakucheka hadi unaoa. Nilikuwa nakula pale, nimesimama, narudi." Akanywa. "Yusna alipokufa, chumba alichokuwa apewe kikabaki kitupu. Nilikuwa nimetimiza miaka saba wiki hiyo hiyo. Nikamwuliza mama: naweza kulala humo? Usiku mmoja tu? Akasema: huna chako humu, mwanangu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomwambia mtoto mvua inanyesha."

Nikaketi kando yake.

"Si fedha, Dada. Nataka tu ile nyumba iache kunitazama."

Mimi kwetu Lubero kilima cha baba kiligawiwa kaka zangu. Niliambiwa shamba langu liko kwa mume. Kwa mume wakaniambia shamba liko Australia. Nimekuwa na uchungu huo miaka mingi, nikidhani ni uchungu wa wanawake. Kumbe kuna mlima mwingine upande wa pili wa bahari, na aliye nje ya mlango ni kaka. Mungu angetubadilishia vilima tu, kazi ingekwisha.

Nimemfuta Fahmi kwenye ile orodha.

Fahmi alipokwisha kuondoka, nikamvisha Mama Ros soksi kavu. Alikuwa anatazama pale chini ambapo beseni lilikuwa wiki nzima. Akanipapasa shavu.

"Umehamisha beseni," alisema.

Jumatatu, 7 Julai

Leo ameuliza maswali matatu. Ameanzia kwa binti. Paa hakulitaja.

Jumanne, 8 Julai

Matatu.

Ijumaa, 11 Julai

Matatu. Nimepanda darini kumwaga maji na kukamua taulo. Sasa ni sehemu ya kazi yangu, ingawa haimo kwenye faili: kuogesha, kulisha, dawa, uongo.

Bahizire anasema yuko tayari kuja kubadilisha kigae. Nimemwambia asije. Akipanda sasa atakuta beseni, ataniuliza, nami sijui kumdanganya Mshi kama yeye, kabila lake wananusa uongo. Fahmi naye hajauliza tena habari za paa. Nadhani hataki kujua.

Alhamisi, 24 Julai

Mama Ros hali vizuri. Daktari amekuja, amezungumza na Fahmi kwenye gari, vioo vimefungwa. Fahmi aliporudi ndani aliosha vyombo vyote, hata visafi.

Ijumaa, 1 Agosti

Mvua tangu juzi, bila kupumua. Nilipofika nilipanda darini nikiwa na hofu kwamba beseni limefurika. Lilikuwa tupu. Taulo limekamuliwa, limekunjwa mara tatu, limewekwa juu ya boriti. Na kigae juu yake kilikuwa kinatona vile vile, ndani ya beseni lililokauka, kana kwamba mtu ameondoka dakika hiyo.

Nimejiambia: Fahmi. Kumbe ameshajua, na ananyamaza. Hilo likaniaibisha, na pia likanituliza. Nikaacha hivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Tupu tena. Limekunjwa mara tatu.

Ketsia amekuja nami leo, shule imefungwa kwa mkutano wa walimu. Yeye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama benki. Alikaa na Mama Ros saa nzima. Kwenye treni akaniuliza yule msichana aliyekuwa anatembea juu ni nani.

"Posamu," nikasema.

"Mum," akasema, "it had shoes on." Posamu wangu alikuwa amevaa viatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Ros amekataa chumba chake. Anataka kitanda kiwe sebuleni, chini ya picha. Tumekisogeza, mimi na Fahmi, tukihema. Sasa amelala katikati kabisa ya nyumba. Tulipokwisha, Fahmi alisimama akatazama kitanda kilipo, kisha akanitazama.

Kuanzia leo Fahmi atalala pale, kwenye kiti. Nimemwona anakula ameketi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ameuliza mawili. La binti na la gogo. Sauti imekuwa ndogo, ilinibidi niinamishe sikio.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekuta mlango wazi na viatu vya Fahmi ndani, siyo kibarazani. Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, mkono wa mama yake juu ya bega lake. Nilijua kwa vile mkono ulivyokuwa.

"Alfajiri," alisema. "Nilikuwa nimesinzia."

"Pole, kaka yangu. Pole sana."

"Aliniamsha. Akaniuliza: Fahmi, umelala wapi? Nikasema: hapa, Mak, mama yangu, kwako. Akasema: basi vizuri." Akapangusa uso. "Ndiyo hayo tu."

Nikamfunga Mama Ros kidevu kwa shela yake, kama tunavyofanya kwetu, kisha nikajitenga, kwa sababu kuosha ni kazi ya kina mama wa msikitini na mimi ni wa kanisani. Tulipokuwa tunawangoja, Fahmi aliinuka, akaenda kwenye kopo la sukari, akatoa ile bahasha. Akaishika juu ya kitanda, akaanza kucheka. Kicheko kibaya, kikavu.

"Tazama, Dada. Maiti katikati ya nyumba. Sababu ya tatu imetimia."

Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliyetakiwa kutia sahihi ndiye aliyekuwa sababu yenyewe.

Hatukusikia hatua juu ya dari. Nilisikiliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Amezikwa makaburi ya Rookwood, adhuhuri. Jua kali, la kutukana. Wanjugu alikuja, amefunga leso, akanishika mkono: "Uliingilia ama hukuingilia?" Nikamjibu: "Niliripoti paa." Akaguna. Kazi bado ninayo.

Jumamosi, 23 Agosti

Fahmi ameniita nichukue vitu vyangu. Juu ya meza kulikuwa na taulo langu la njano, limefuliwa, limepigwa pasi. Kando yake beseni la bluu.

"Jana nimepanda kubadilisha kigae," alisema.

Nikaketi. Niliona ni vizuri kuhukumiwa nikiwa nimeketi.

"Ulimdanganya mama yangu."

"Ndiyo."

"Mbele yangu."

"Ndiyo, Fahmi."

Akavuta kiti cha pili, akaketi naye. "Kule kijijini wataniuliza. Ndugu zake wa ukoo, wanawake, watakaa duara. Nyumba sasa ni yao kuamua, siyo yangu. Wataniuliza: mwanamke gani alisimama upande wa mama yako mwishoni, maana binti hakuwa naye? Niseme nini?"

"Sema ni Mnande mmoja wa Lubero, mwongo."

Akatabasamu kidogo. Anasafiri Jumamosi ijayo kuwapelekea shela yake na ile picha. Karatasi ameichana. Anasema hajui kama watamruhusu kuingia ndani au watampelekea chakula mlangoni.

Nikiwa natoka nikakumbuka. "Na asante kwa kumwaga maji. Siku zile za mvua."

"Maji gani?"

"Darini. Beseni. Ulikuwa unalimwaga, unakunja taulo."

"Dada," akasema Fahmi, "mimi mara ya kwanza kupanda ni jana. Kabla ya jana sikujua kuna beseni."

Jumatano, 27 Agosti

Mteja mpya, mzee wa Kigiriki. Anauliza swali moja tu, nani kashinda mechi.

Jumapili, 7 Septemba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Fahmi. Umeingia tukiwa tunatoka kanisani, nikausikiliza chooni ili Bahizire asinitanie.

Anaongea kwa sauti ya chini. Anasema wanawake walikaa duara, walimuuliza, akajibu kama nilivyomwagiza, wakacheka, mmoja akalia. Wakaamua nyumba haitaguswa. Kisha mkubwa wao akasema nyumba imekaa miaka bila moshi, si vizuri, mtu alale humo hadi siku ya arobaini. Wakamtazama yeye. Wamemtandikia mkeka katika chumba cha Yusna.

"Huku mvua inanyesha, Dada," anasema. "Na paa linavuja kweli. Nimeweka beseni."

Baada ya hapo hasemi tena, amesahau kuzima. Inasikika mvua juu ya bati, na tone likipiga chuma. Ti. Ti. Na pumzi za mtu mzima anayelala usingizi mzito.

Nimeusikiliza mara tatu. Karibu na mwisho, nyuma ya mvua, kuna mtu mwingine anatembea juu ya mbao. Hatua tatu, kimya, mbili. Kisha tone linanyamaza, kama linavyonyamaza mtu akitandika taulo.